Mtoto amevimba, hajanona



Siku ya posho iliyopita, tulipomaliza kuhesabu akiba ya AVEC, mama mmoja wa kikundi chetu alinivuta pembeni. Akaniuliza: «Mama Mwalimu, wewe unafundisha biolojia. Kwenye kituo cha afya wanatuambia proteini, kwenye redio proteini, hata wewe katika ukurasa wako, proteini. Sasa niambie kweli: mtoto akiisha kumeza maharagi, hiyo proteini inaenda kufanya nini ndani yake?»

Nikamjibu kama tunavyojibu wote: «Inajenga mwili.»

Akacheka. «Inajenga! Kwani mtoto wangu ni nyumba?»

Nilicheka pamoja naye, lakini usiku swali lake lilinikosesha usingizi. Kwa sababu jibu ni ndiyo. Mtoto ni nyumba, tena ni nyumba nyingi sana, ndogo kuliko macho yanavyoweza kuona, na kila moja ina vyumba vyake. Proteini ndiyo miti inayovishika vyumba vile visianguke. Mimi nililijua jambo hilo katika vitabu, na bado liliingia nyumbani mwangu bila kulitambua. Juma hili nitawaeleza yote mawili, kitabu na nyumba yangu.

Nyumba yangu kwanza

Ilikuwa miaka sita iliyopita. Nilikuwa nimemaliza ISP katika biolojia na kemia, na nilikuwa na diploma yangu ndani ya plastiki ukutani. Binti yangu wa kwanza alikuwa na miezi kumi na minne nilipojua kwamba nina mimba nyingine. Shangazi zangu wakaniambia maziwa ya mwenye mimba yanamharibu mtoto, nikamwachisha ziwa siku ileile. Asubuhi nilienda shuleni mbali, na mtoto alibaki na msichana wa kumlea. Alikula uji wa muhogo wenye sukari asubuhi, bugali ya muhogo na mchuzi wa mboga mchana, na mabaki yake jioni. Mshahara ulikuwa unachelewa, na nilijiambia: jambo kubwa ni ashibe.

Na kweli alishiba. Mashavu yakawa ya duara. Watu walinisifu njiani: «Mama Mwalimu, mtoto amenona!» Nilifurahi. Sikujiuliza kwa nini hachezi tena, kwa nini analia bila machozi mengi, kwa nini nywele zake zinageuka nyekundu na kung'oka ninapomchana. Miguu yake ikaanza kung'aa kama imepakwa mafuta. Jirani akaiangalia, akasema kwa sauti ndogo: «Hii ni karuho. Kuna mtu amemlisha.» Tukapoteza juma zima na majani ya mwenye kutibu sumu.

Siku ya nane nilimpeleka kituoni. Mama muganga hakuuliza mengi. Alimshika mtoto miguu yote miwili, akakandamiza kidole gumba juu ya kila mguu, akahesabu taratibu, akaondoa. Vikabaki vishimo viwili, kama mtu aliyebonyeza unga uliokandwa. Akaniangalia. «Mama Mwalimu, huyu hajanona. Amevimba maji. Hii ni bwaki.»

Asubuhi ile ile, saa moja na nusu, nilikuwa nimeandika ubaoni mbele ya wanafunzi arobaini: «Proteini ni vyakula vya kujenga mwili.»

Ndani ya seli kuna nini

Sasa tuingie kitabuni. Mwili wote umefanywa na seli. Watoto wenu wa sekondari wanaziandika katika madaftari ya Kifaransa kwa jina la cellule. Ni ndogo sana. Kamata rula ya mtoto wako, uangalie milimeta moja. Kwenye nafasi ile unaweza kupanga seli 40 hivi za ini, moja kando ya nyingine.

Ingawa ni ndogo hivyo, seli haiko kama mfuko wa maji mtupu. Ndani yake kuna vyumba vya kazi, na kila chumba kina kazi yake. Shuleni tunaviita oganeli. Nitataja vitatu tu, vile tunavyohitaji leo.

Cha kwanza ni kiini. Hapo ndipo kunapotunzwa maandishi ya ukoo, yale yanayosema mtoto atakuwa na macho ya nani na damu ya namna gani.

Cha pili ni mitokondria. Hizo ni mbabula za seli: ndimo chakula kinamochomwa taratibu ili kutoa nguvu. Mbabula ya jikoni ni moja, lakini seli moja ya ini inaweza kuwa na mitokondria elfu 1 mpaka elfu 2.

Cha tatu ni peroksisomi. Ni chumba kidogo ambamo mafuta ya namna fulani yanakatwakatwa, na ambamo sumu zinazozaliwa katika kazi hiyo zinavunjwa zisiumize seli.

Kuta za vyumba hivi ni utando mwembamba sana, na utando wenyewe umefanywa kwa mafuta. Hapa ndipo siri ilipo. Mafuta ni laini, hayajui kusimama. Fikirini lile bashi tunalotandaza kwenye arusi au kwenye kilio. Bashi peke yake ni kitambaa kinacholala chini. Mkilisimamisha kwa miti, mkalivuta kwa kamba, linakuwa nyumba: lina chumba, lina mlango, watu wanakaa ndani mvua ikinyesha. Utando wa seli ni bashi. Miti, kamba na milango yake ni proteini.

Tazameni kiini. Chini ya utando wake kuna wavu uliosukwa kama kitunga, na nyuzi zake ni proteini zinazoitwa lamini. Wavu ule ndio unaokifanya kiini kikae duara na kutunza maandishi yake. Kuna watoto wachache sana duniani wanaozaliwa na kosa dogo katika proteini ile moja. Kiini chao kinajikunja na kupata manundu, na mtoto anaanza kuzeeka akiwa bado mdogo sana: nywele zinaanguka, mishipa inakuwa migumu, na wengi wanakufa kabla ya kuwa watu wazima. Ugonjwa huo unaitwa projeria, na wataalamu waligundua chanzo chake mwaka 2003. Kitu chote kilichokosewa ni mti mmoja wa bashi moja.

Tazameni tena mitokondria. Ina utando mara mbili, na ule wa ndani umekunjwakunjwa kama kitenge kilichopangwa ndani ya sanduku, ili nafasi ya kazi iwe kubwa. Mikunjo ile haijifanyi yenyewe. Kuna mashine ndogo za proteini, zilezile zinazotengeneza nguvu, zinazosimama mbilimbili kwenye mstari. Kusimama kwao kunaukunja utando. Proteini nyingine zinaibana shingo ya kila mkunjo usifunguke. Mkiziondoa, mikunjo inaharibika, na mbabula inawaka vibaya.

Na vyumba vyenyewe havielei ovyo ndani ya seli. Kuna mirija ya proteini iliyotandazwa kama njia za reli. Vyumba vinashikwa juu yake, vinapelekwa panapotakiwa, na mizigo inapita huko kutoka chumba hadi chumba. Hata ule mfuko wa nje wa seli unashikwa kwa nyuzi za proteini kutoka ndani.

Kwa hiyo tunaposema «proteini inajenga», tusifikirie nyama ya mkono peke yake. Tufikirie miti ndani ya kila bashi, ndani ya kila seli: ya ini, ya ubongo, ya utumbo, ya ngozi, ya mzizi wa unywele.

Miti inaoza kila siku

Yule mama alikuwa na swali la pili, na lilikuwa zuri kuliko la kwanza: «Lakini mtoto akiisha kujengwa, si imekwisha? Kwa nini tena kila siku?»

Mama, wewe unakaa katika nyumba ya miti na udongo. Ulijenga mara moja? Kila majira ya mvua unabadilisha mti uliooza, unapaka udongo upya. Nyumba isiyotengenezwa miaka miwili, kila mtu wa kartie anajua itakuwaje.

Seli ni vilevile, lakini zinaoza haraka zaidi. Proteini nyingine zinaishi saa chache tu, nyingine siku chache, nyingine majuma. Mitokondria nzima ya ini inavunjwa na kujengwa upya baada ya siku kadhaa. Mwili wa mtu mzima unavunja na kujenga gramu 250 mpaka 300 za proteini kwa siku moja. Sehemu kubwa ya vipande vya zamani inatumika tena, kama mtu anayebomoa ukuta na kuchagua mbao zilizo nzima. Lakini kila siku nyingine zinapotea, na zile zilizopotea lazima zitoke kwenye sahani.

Proteini ni kama mkufu wa shanga uliokunjwa. Shanga zenyewe ziko za namna 20. Nyingine mwili unaweza kuzitengeneza wenyewe. Lakini 9 hauwezi kabisa. Zinaingia kwa mdomo au haziingii. Na mtoto si kama mtu mzima: yeye anatengeneza nyumba za zamani na wakati uleule anajenga mpya, kwa sababu anakua. Ndiyo sababu njaa ya proteini inamwangusha yeye kabla yetu, hata kama tunakula kwenye sinia moja.

Seli yenye njaa inakula vyumba vyake

Shanga zikikosekana, seli inafanya nini? Inafanya kama familia iliyokwama wakati wa baridi, inayokata kiti kupata kuni.

Mwanasayansi mmoja Mbeleji, Christian de Duve, ndiye aliyegundua katika miaka ya 1950 kwamba seli ina mfuko wake wa kuvunjia takataka. Yeye ndiye pia aliyezitambua peroksisomi, na mwaka 1974 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wengine wawili. Baadaye Mjapani Yoshinori Ohsumi alionyesha namna seli inavyozungushia utando chumba chake yenyewe, ikakipeleka kwenye mfuko ule, ikakivunja ili kupata vipande. Naye alipewa Nobel mwaka 2016. Kwa siku za kawaida kazi hiyo ni usafi: vyumba vizee vinatolewa, vipya vinaingia. Lakini njaa ikiendelea, vinavunjwa na vipya haviingii. Kiti kimekwisha kuchomwa, na hakuna mbao za kutengenezea kingine.

Mwaka huohuo wa 2016, watafiti walieleza majaribio waliyofanya kwa panya wachanga walioachishwa ziwa na kupewa chakula chenye proteini kidogo sana. Ndani ya seli za ini lao peroksisomi zilipungua, na mitokondria zikashindwa kufanya kazi yake vizuri. Ini likajaa mafuta, kwa sababu vyumba vya kuyachoma vilikuwa vimeanguka, na nguvu ikapungua.

Niliposoma habari hiyo niliweka karatasi chini. Ini lenye mafuta, na mwili usio na nguvu: ni vilevile waganga wanavyovikuta kwa watoto wa bwaki. Binti yangu aliyekuwa «amenona» alikuwa na vyumba vinavyoanguka ndani yake, kimoja baada ya kingine, na mimi nikaona mashavu tu.

Lazima niseme haki: bwaki haiji kwa kukosa proteini peke yake. Kuhara kwa mara kwa mara, surua, minyoo, kukosa vitamini, vijidudu vya tumboni, vyote vinaingia ndani. Watoto wawili wanaweza kula sahani moja, mmoja akavimba na mwingine akakonda tu. Wataalamu bado wanatafuta kwa nini. Kwa hiyo mama ambaye mtoto wake ana bwaki asihukumiwe na jirani. Tumsaidie kubeba mtoto kwenda kituoni, maneno yatangoja.

Tena kuna magonjwa ambayo mti umeharibika tangu maandishi ya ukoo. Wale tunaowaita SS wanajua. Katika chembe nyekundu za damu yao, proteini inayobeba hewa imekosewa shanga moja tu. Hewa ikipungua, proteini hiyo inashikana na kuwa nyuzi ngumu, na chembe inapinda kama mundu. Hiyo haitoki kwenye sahani, na hakuna maharagi yatakayoiponya, inataka daktari. Nimeitaja ili pasiwe na mama atakayejilaumu kwa kitu ambacho si chakula chake kilicholeta.

Jina linalotueleza

Bwaki ndilo jina letu hapa Kivu. Vitabu vinasema kwashiorkor. Neno hilo halitoki Ulaya. Daktari mwanamke, Cicely Williams, alikuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi inayoitwa Ghana leo. Aliandika juu ya ugonjwa huu mwaka 1933, na mwaka 1935 akaueleza kwa jina ambalo wamama wa lugha ya Kiga walikuwa wakilitumia. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa.

Wamama wale hawakuwa na darubini, lakini walikuwa wameona. Mtoto anasukumwa kutoka ziwani kwa sababu mwingine anakuja, na mahali pa maziwa panawekwa uji mweupe. Ni habari yangu yote, imeandikwa kwa neno moja. Leo najua kwamba maziwa ya mama mwenye mimba hayana sumu. Kama mimba inaenda vizuri, mtoto anaweza kuendelea kunyonya, na Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi, pamoja na chakula kizuri kuanzia miezi sita.

Hesabu ya sahani

Mimi ni mwalimu, lazima niwape hesabu. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitatu anahitaji karibu gramu 13 za proteini kwa siku. Si nyingi. Angalieni basi kinachopatikana katika gramu 100 za kila kitu:

Unga wa muhogo: haufiki gramu 2.
Unga wa mahindi: gramu 8 hivi.
Maharagi makavu: gramu 21 hivi.
Karanga: gramu 25.
Soya: gramu 36.
Samaki wadogo waliokaushwa vizuri: zaidi ya gramu 50.
Na yai moja: gramu 6.

Kama unamtegemea muhogo peke yake, mtoto anapaswa kumaliza zaidi ya gramu 650 za unga mkavu kwa siku. Huo ukiisha kusongwa ni mlima wa bugali ambao hata baba yake angeuacha. Tumbo la mtoto wa miaka miwili litajaa mara kumi kabla ya kuufikia. Ndiyo maana anashiba na bado ana njaa: tumbo limejaa, seli hazina miti.

Sisemi tuuache muhogo. Muhogo unatupa nguvu, na umetuokoa miaka ya taabu. Nasema usiende peke yake kwa mtoto. Na siri ya pili: shanga zinasaidiana. Mahindi yana upungufu wa shanga moja inayoitwa lisini, na maharagi yanayo kwa wingi. Maharagi nayo yana upungufu wa nyingine, ambayo mahindi yanayo. Vikiwa kwenye sahani moja, kila kimoja kinaziba tundu la mwenzake. Kwa hiyo bugali ya mahindi na maharagi si chakula cha kuonea haya.

Kwa mtoto mdogo maharagi yapikwe mpaka yaive sana, yapondwe, na maganda yatolewe. Soya isipikwe nusu: ikiwa mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kutumia proteini, kwa hiyo ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kisha uji uchemke. Ndiyo faida ya uji wa sosoma, wenye soya, mtama na mahindi. Sambaza wa ziwa letu, au ndakala, wakaushwe, wasagwe pamoja na vichwa, na kijiko kimoja kikubwa kitiwe ndani ya uji au sombe ya mtoto. Hakuna mti wa kujengea unaopatikana kwa bei ndogo kuliko ule, kwa sisi wenye ziwa karibu. Na sombe yenyewe itwangwe na kuchemka muda mrefu, kama mama zetu walivyotufundisha, kusudi sumu yake itoke.

Katika nyumba nyingi, kipande cha samaki kinawekwa upande wa baba, na mtoto anapewa mchuzi. Mchuzi una ladha ya samaki, lakini proteini imebaki kwenye samaki. Tuzungumze na waume zetu kwa heshima. Mwanaume anayeelewa kwamba mtoto wake anajengewa nyumba atakata kipande chake mwenyewe.

Usimlishe nyumbani mtoto aliyevimba

Hili ndilo neno kubwa la leo, na naomba mlisome mara mbili kwa wale wasiojua kusoma.

Mtoto akiisha kuvimba, mama anaweza kusema: «Sasa nimeelewa, ni proteini. Nitachinja kuku, nitampa mayai matatu kwa siku.» Hapana! Kwa mtoto mzima, yai ni jambo jema. Kwa mtoto aliyevimba, chakula kingi cha ghafla kinaweza kumwua. Fikirini lile bashi lililoanguka: watu mia hawaingii kwanza, kisha miti isimamishwe baadaye. Ini lake halina vyumba vya kuupokea mzigo ule. Moyo na figo zake zimechoka pia.

Waganga wanajua hilo. Katika hospitali, UNTI, wanaanza na maziwa yanayoitwa F-75, kidogokidogo, usiku na mchana. Katika mililita 100 zake hakuna hata gramu 1 ya proteini. Mama wengi wanalalamika: «Mnampa maji maji tu!» Ni makusudi. Mtoto akianza kupata hamu ya kula na uvimbe ukishuka, ndipo anapewa F-100, yenye karibu gramu 3, au Plumpy'Nut. Yule ambaye uvimbe wake ni mdogo na bado ana hamu ya kula anaweza kutibiwa UNTA, akirudi nyumbani na mifuko yake ya Plumpy. Mifuko ile ni dawa yake yeye. Haiuzwi sokoni na haigawiwi ndugu zake.

Binti yangu alilazwa. Juma la kwanza alipungua kilo, nikalia, nikidhani anakufa. Mama muganga akaniambia: «Ni maji yanayotoka, Mama Mwalimu. Sasa ndipo utamwona mtoto wako alivyo.» Maji yalipotoka, nikaona mbavu. Zilikuwa pale wakati wote, chini ya uvimbe, huku watu wananipongeza njiani. Baada ya majuma machache alianza kucheka, kisha kugombana na watoto wengine, na nikajua amepona. Leo yuko shule ya msingi, na anauliza maswali kuliko mama yake.

Kazi ya nyumbani

Mwalimu haondoki bila kutoa kazi. Juma hili, kila mama awaangalie watoto wote wa nyumba walio chini ya miaka mitano, wake na wa jirani.

Kandamiza kidole gumba juu ya mguu, pale juu ya unyayo, uhesabu sekunde tatu, uondoe. Fanya miguu yote miwili. Kama kishimo kinabaki kwa miguu yote miwili, nenda kituo cha afya leo hii, usingoje siku ya soko. Hata kama si bwaki, inaweza kuwa figo au moyo, na hayo pia yanataka muganga.

Mwombe mhudumu wa afya wa kartie apime mkono kwa ile kamba ya rangi, kwa watoto wa miezi sita mpaka miaka mitano. Nyekundu ni chini ya sentimeta 11,5: ni hatari. Njano ni kutoka 11,5 mpaka 12,5: tuangalie sana. Lakini mkumbuke: mtoto aliyevimba anaweza kuonyesha kijani na bado akawa mgonjwa sana, kwa sababu ni maji yanayojaza mkono. Ndiyo maana kidole gumba hakiachwi.

Na yule mama aliyeniuliza, jibu langu ni hili: ndiyo, mtoto wako ni nyumba, na miti yake unaibeba wewe, kila siku, kwa kijiko. Nilikudai jibu hilo tangu siku ya posho, na nilimdai binti yangu tangu miaka sita.

Wale watakaokuta kishimo, waje kuniona baada ya mkutano, au usiku nyumbani. Hakuna atakayechekwa. Nitavaa viatu twende kituoni pamoja.

Mubaki na amani, tuonane juma lijalo.

Mama Mwalimu wenu